Mvua Niliyoinyesha Mwenyewe

Nilikojoa ndani ya kipima mvua cha shule. Naanza na hilo kwa sababu ukingoja kulisikia mtaani utaongezewa: wapo wanaosema nilifanya haja kubwa, wapo wanaosema tulikuwa kundi zima tunashindana. Waongo. Nilikuwa peke yangu, na ulikuwa mkojo tu, wa asubuhi, wa kijana aliyekunywa uji wake na wa mdogo wake. Mkojo huo ulimkosesha mama yangu mbegu za mahindi. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Anayetaka kucheka acheke hapa hapa, maana huko mbele mimi simchekeshi mtu. Nina hasira.

Kipima mvua chenyewe ukikiona utakidharau. Ni kopo refu la plastiki linaloonyesha ndani, lina mistari ubavuni na mdomo mpana kama faneli, limefungwa kwenye nguzo katikati ya uwanja wa shule. Mgeni anaweza kudhani muuza mafuta ya taa amesahau kipimo chake. Kililetwa na mradi. Siku hizi huku kwetu kila kitu kinaletwa na mradi au kinauzwa dukani, na serikali imekaa pembeni kama mgeni rasmi. Mwalimu wetu wa uraia anasema hilo ndilo soko huria. Haya.

Shule yetu iko juu kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Ukifika ukingoni unaiona nchi ya Masasi imelala kule chini na vilima vyake vya mawe, na mito iko huko huko chini. Huku juu hakuna mto. Udongo wetu ni mchanga mwekundu, unakunywa mvua kama mlevi aliyelipiwa. Mvua kubwa ikinyesha, subiri kidogo tu, utatembea na viatu vyeupe. Maji tunakinga kwenye mapaa, tunayatunza kwenye visima tulivyochimba nyumbani. Visima vikikauka, akina mama wanashuka bondeni na ndoo tupu, wanapanda nazo zimejaa, kilima chote, kichwani. Bomba lipo. Linakohoa. Kwa hiyo elewa jambo moja kabla hatujaendelea: kwetu mtu hamwagi maji. Hata mlevi hamwagi. Ukinawa mikono, yale uliyonawia yanapelekwa kwenye mpapai. Maji ya bure huku juu ni mkojo peke yake.

Klabu ya tabianchi aliianzisha mwalimu wa jiografia, kijana aliyetoka chuoni na ndevu za kuhesabika. Siku ya kwanza aliazima jenereta na projekta kwenye banda la video, akatundika shuka ukutani, na darasa likajaa hadi madirishani kwa sababu wote tuliamini tunaonyeshwa karate. Badala ya karate ikatokea picha ya kijani na kahawia, imemeguka kingoni kama kipande cha muhogo kilichogugunwa na panya.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

Jenereta linanguruma nje.

"Hapa ni kwenu. Uwanda wote huu, umepigwa picha kutoka angani. Hii ni picha ya setilaiti."

Ikawa fujo. Kila mtu alitaka aonyeshwe bati la kwao. Wa nyumba za nyasi wakanuna. Mimi nikanyoosha mkono, na mimi nikinyoosha mkono darasa huwa linajiweka sawa.

"Mwalimu, hiyo setilaiti inaona na walioko chooni?"

"Ikuangalie wewe chooni, imekosa kazi?"

Walicheka wakagonga madawati. Alikuwa mwalimu mzuri, anajua kurudisha mpira. Akaweka picha ya zamani pembeni ya mpya tuone kijani kilivyoliwa mwaka hadi mwaka. Kuna mahali akaweka fimbo akasema, "Angalau hapa msitu umebaki." Nikamwambia si msitu huo mwalimu, hiyo ni mikorosho ya babu yangu, na pale palipochomoza ndipo tunapoibia mabibo. Akasogea kwenye shuka mpaka picha ikamwangukia usoni, akaangalia, akatugeukia akiwa na kijani kwenye shavu.

"Mmesikia? Setilaiti inaona kijani. Haijui kama ni korosho au mvule. Anayejua ni huyu mpuuzi."

Sijawahi kusifiwa shuleni zaidi ya hapo.

Alitufundisha kwamba setilaiti haiioni hata mvua. Inaona kichwa cha wingu, inapima ubaridi wake, halafu inakisia: wingu hili limepanda juu sana, ni la baridi sana, basi huko chini lazima kunanyesha. "Ni kama mtu aliye juu ya paa," alisema. "Wewe unapita chini, yeye anaona kofia yako. Akiona kofia nzuri anasema huyu kashiba." Na uwanda wetu una balaa hilo. Mawingu makubwa yanapita juu yetu kama wakubwa ndani ya magari ya vioo vyeusi, hayasimami, yanakwenda kunyesha kwa watu wengine. Huko angani tulikuwa tunaandikiwa mvua ambazo hazijawahi kutulowesha.

"Ndiyo maana tuna kopo," akasema. "Setilaiti inakisia, kopo linashuhudia. Mkiniharibia kopo, mmeniharibia shahidi."

Alisema hivyo. Nilikuwepo. Nilikuwa nachonga dawati kwa wembe, lakini nilisikia.

Akatueleza pia mvua inavurugwa na nini: viwanda, magari, ndege, moshi wa miaka na miaka wa nchi ambazo hata ramani yake imechanika kwenye kitabu chetu. Nikafanya hesabu ya moshi wa kijijini kwetu. Bodaboda za vijana wa stendi, mashine ya kusaga, na jenereta la banda la video ambalo siku hiyo lilikuwa kwetu. Tukamalizia somo kwa kuimba kwamba sote tuna wajibu.

Sasa mama.

Shamba la mama liko nyuma ya vyoo vya shule. Ukitoka chooni ukakosea njia umeshaingia kwenye mahindi yake. Na huku kwetu mwanamke akizaa, jina lake linawekwa kabatini. Anaitwa Mama Fulani mpaka anazikwa. Huyo Fulani ni mimi. Kila anayemsalimia mama yangu njiani analitaja jina langu kwanza, kwa hiyo nikifanya ujinga, ujinga unamsalimia na yeye.

Zamani mama alikuwa na mbegu zake mwenyewe. Alichagua mahindi mazuri wakati wa kuvuna, akayafunga kwa maganda yake, akayaning'iniza juu ya jiko. Moshi uliyapika mwaka mzima mpaka yakawa meusi kama viatu vya polisi, na hakuna mdudu aliyethubutu. Mvua ikimdanganya akapanda mapema yakafa, anashusha mengine anapanda tena. Hana habari na mtu. Halafu likaja gari lenye kipaza sauti: mbegu ya jikoni ni ushamba, mbegu ya pakiti ndiyo maendeleo, wahi kabla hazijaisha. Mama akanunua pakiti kwa hela ya korosho, na zile za moshi tukazitwanga tukala ugali mweusi mweusi. Pakiti ilikuwa na picha ya hindi refu kama mkono wa mtu mzima. Nyuma iliandikwa usipande tena mavuno yake, mwakani ununue nyingine. Nilimsomea mwenyewe.

"Kumbe tasa?" akauliza.

"Tasa, mama, lakini ya kisasa."

Akaninyang'anya pakiti.

Aliipanda yote kwa mvua za mwanzo. Mahindi yakaota vizuri, yakafika vifundoni, mvua ikakata. Tulipofungua shule mwezi wa kwanza majani yalikuwa yamejisokota kama sigara za kienyeji. Mradi ukawatangazia wazazi kwamba kijiji kitakachopigwa na jua, siku kavu zikapangana bila kukatika, kitaletewa mbegu za kupanda tena, bure, kabla msimu haujafunga. Setilaiti ingehesabu zile siku na kopo la shule lingethibitisha. Mama alilisema hilo jioni akipepeta kunde, na mimi nikaitikia "eeh" huku natafuta redio inayotangaza mpira. Yaani mambo ya mbegu yalikuwa yanaingilia sikio hili yanatokea lile bila hata kunisalimia.

Siku moja jioni wingu likaja. Jeusi, zito, limejaa toka ukingoni hadi ukingoni. Watu walitoka nje na ndoo na masufuria na mabeseni, bibi mmoja jirani akatoa hadi sahani. Radi ikapiga. Watoto wakavua mashati. Usiku bati zikalia kidogo, ta, ta, ta, manyunyu ya kutia vumbi adabu, halafu wingu likaondoka zake. Asubuhi sahani ya yule bibi ilikuwa na chawa wa maji watatu, ndivyo tulivyoyaita yale matone, na nzi mmoja anayeoga.

Nilifika shule na hasira ya lile wingu. Ilikuwa zamu yangu kufagia uwanja, hakuna mtu, kopo liko pale limeachama mdomo kama kifaranga. Nikasema, we unataka kunywa? Subiri. Nikasogeza tofali, nikapanda, nikalitimizia haja yake. Nilitaka jambo moja tu. Mwenyekiti wa klabu alikuwa dada wa kidato cha nne anayetembea kama amemeza rula. Yeye ndiye aliyekuwa anasoma kopo kila siku saa tatu asubuhi. Nilitaka alisogelee, alinuse, apige kelele uwanja mzima usikie. Nilishaandaa na mahali pa kusimama nicheke vizuri.

Saa tatu akaja. Akainama, akasoma mistari kwa kidole. Akapiga kelele kweli.

"Ishirini na moja! Milimita ishirini na moja! Imenyesha!"

Ilikuwa kelele ya furaha. Akalichomoa kopo akalimwaga kwenye mchanga, mchanga ukanywa, akakimbilia ofisini rula imenyooka mgongoni. Baadaye sana aliniambia rangi aliiona na harufu aliisikia, akadhani ni vumbi la siku nyingi na mavi ya ndege. Mvua ya kwanza baada ya jua itanukia marashi?

Nikasogea dirishani pa ofisi nisikilize mzaha wangu ukipasuka.

"Ishirini na moja?" Mwalimu wa jiografia alikuwa ameshika simu. "Kwangu Newala mjini pamekauka. Una uhakika hakuna mtu aliyemwaga maji?"

"Maji, mwalimu?" yule dada akashangaa. "Nani amwage maji?"

Na mwalimu akacheka mwenyewe kwa kuuliza swali la kijinga. Kweli, nani amwage maji? Mvua zetu zinajulikana, zinanyesha msikitini kanisani pakavu. Usiku bati zililia. Akatuma meseji.

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo niliufungua. Lakini alikuwa na fimbo mezani, na mzaha ambao haujachekwa unaona aibu kutoka. Nikaenda kufagia.

Basi jua likaendelea. Mahindi ya mama yakalala chini, kwanza yale ya pembeni, halafu yote. Akayang'oa akampa mbuzi wa jirani, kwa sababu sisi hatuna hata mbuzi. Akalima upya shamba zima kwa jembe, matuta tayari, mashimo tayari, na kila jioni akaosha miguu kwa kikombe kimoja akasema, "Wataleta." Hakusema kwa wasiwasi. Alisema kama mtu anayesubiri gari ambalo ameshalikatia tiketi. Na mimi nikala ming'oko, vile viazi mwitu tulivyochimba porini, nikamtania kwamba wakichelewa tutapanda ming'oko.

Mradi ukaja. Gari jeupe likasimama uwanjani, akashuka bwana mmoja wa makamo, mpole, shati limenyooka, kompyuta kwapani. Wazazi wakaingia darasani kwetu wakakaa kwenye madawati yetu, magoti yamewafika videvuni. Sisi klabu tukasimama ukutani. Bwana akasalimia wazee shikamoo kwa adabu kabisa. Halafu akatupongeza. Akasema katika shule zote za mradi hakuna iliyotuma taarifa kwa wakati kama yetu. Tukapigiwa makofi. Akafungua kompyuta, akatuonyesha uwanda wetu, na juu yake doa kubwa la bluu.

"Hili ni wingu la siku ile. Setilaiti ilikisia mvua nzuri. Kwa kawaida tungekuwa na mashaka, lakini kipima mvua cha shule yenu kikathibitisha. Mashahidi wawili wamekubaliana. Kwa hiyo siku kavu zilikatika hapo, na kijiji chenu, tunamshukuru Mungu, hakimo kwenye ukame. Mbegu zimekwenda kwa wenzenu walioathirika kule chini."

Wazazi wakatazamana kama watu wanaodhani hawajasikia vizuri. Mama yangu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Baba," alimwita hivyo kwa heshima, ingawa walikuwa rika moja, "shamba langu liko nyuma ya vyoo hivyo hapo. Twende ukaone. Hata viatu vyako havitachafuka, tope hakuna."

Watu wakacheka kidogo. Bwana naye akatabasamu.

"Mama, nakuamini kabisa. Lakini mimi nikienda shamba lako, wa kijiji cha Makote naye atataka niende lake. Ndiyo maana tunatumia takwimu, ili tusimwonee mtu."

"Sisemi unionee, baba. Nakuambia uone."

"Takwimu zimeshaona, mama."

Nikaangalia mikono ya mama. Ilikuwa na malengelenge ya jembe, ya yale mashimo yanayosubiri. Nikasikia sauti yangu inasema, "Ulikuwa mkojo."

Mwalimu akageuka. "Nini?"

"Siku ile. Ishirini na moja. Nilikojoa mimi ndani ya kopo."

Unajua vile kicheko kinavyoanza nyuma ya chumba? Kilianzia kwa vijana waliokuwa dirishani, kikafika kwa wazazi, kikapanda, mzee mmoja akapigapiga dawati langu mwenyewe kwa kiganja. Miaka yote nimetafuta kicheko cha ukubwa ule. Wa pekee ambao hawakucheka walikuwa mwalimu, dada wa rula, na mama. Bwana wa mradi alicheka akafuta machozi kwa leso. Nikadhani basi, yamekwisha, ameelewa, anafungua ile kompyuta anafuta ile siku. Akanishika bega.

"Kijana, nashukuru kwa ukweli wako. Sasa niambie. Na setilaiti nayo uliikojolea?"

Wakacheka upya. Na mimi, ambaye nimeishi kwa mizaha tangu darasa la pili, sikuwahi kuchukia mzaha kama ule. Ulikuwa mzuri, ndilo lililoniuma zaidi. Ulikuwa mzaha wa kufungia mlango.

Mwalimu akajaribu. "Mzee, hiyo setilaiti inakisia kwa wingu tu, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwenye semina. Bila kopo hapa huna shahidi wa pili."

"Ni kweli, mwalimu. Tutaweka maelezo. Lakini orodha imeshafungwa na mbegu zimeshapakiwa. Tujipange msimu ujao."

Msimu ujao! Kama vile tumbo lina likizo. Akafunga kompyuta, akaaga wazee, akaelekea kwenye gari. Gari lake lilikuwa limeegeshwa upande wa vyoo. Namaanisha upande ule ule. Alifungua mlango akiwa ameupa mgongo udongo mtupu wa mama yangu, uliolimwa ukawa mwekundu kama kidonda, na hakugeuza shingo. Hilo ndilo linalonifanya nisilale vizuri. Mimi nilidanganya, sawa, nichapwe. Lakini kuna mtambo huko juu ya mawingu, umerushwa kwa akili nyingi, unaweza kupima ubaridi wa kichwa cha wingu. Na chini yake kuna mtu mwenye shingo nzima ambaye hawezi kuigeuza. Mkojo wa mtoto ameuamini kuliko macho ya mama yake. Nikaokota jiwe. Mwalimu akanishika mkono, akalitoa jiwe, akalitupa.

Hakunichapa. Alikaa kwenye ngazi za darasa, kompyuta ya watu imeondoka, shuka lake liko ukutani limening'inia upande mmoja.

"Ungeniambia siku ile ile," alisema, "ningetuma meseji ya pili."

Heri angenichapa.

Mama alikuwa ameshaondoka. Nilimfuata mbali mbali mpaka nyumbani. Alipika, akapakua, akanipa nyama ya panya wa porini, kitoweo chetu, kipande kikubwa kama kawaida. Kesho yake akatumwa mtoto kuja kuazima ungo, na yule mtoto, ambaye hata meno hajamaliza kuota, akamwamkia, "Shikamoo Mama Milimita."

Mama akamjibu, "Marahaba, mwanangu." Akampa ungo.

Ndivyo lilivyoingia. Mimi nikawa Milimita, na kwa kuwa yeye anaitwa kwa jina langu, akawa Mama Milimita kisimani, akawa Mama Milimita dukani, akawa Mama Milimita msibani. Kwangu lilikuwa jina la utani, naweza kulivaa na kulivua. Yeye alilibeba na ndoo kutoka bondeni. Nilipigana na watu wawili kwa ajili ya jina hilo, nikashindwa na wote wawili.

Siku ya Jumamosi alitandika kanga mbili mezani, akanipa na fungu la ming'oko ya zawadi, akanionyesha mlango. Nikajua ninakokwenda. Mjomba wangu, kaka yake mkubwa, anaishi Chiwata, kule chini. Na kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto kuliko hata baba. Nikadandia baiskeli ya watu kuteremka, breki hamna, nakanyagia kandambili kwenye tairi. Mjomba ni mtu wa jembe ambaye lile gari la kipaza sauti lilipopita alikuwa amelala. Juu ya jiko lake mahindi yalikuwa yamening'inia meusi, safu kwa safu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sema."

Mama hakunituma na maneno yoyote. Ndiyo ilikuwa akili yake. Nilitakiwa niyatoe mwenyewe. Nikaeleza, kuanzia kopo hadi gari, na mjomba alisikiliza uso umekaza, midomo imekaza, mpaka nilipofika kwenye setilaiti kukojolewa. Akatoka nje haraka. Nilimsikia nyuma ya nyumba anacheka mpaka anakohoa. Akarudi uso umekaza vile vile.

"Mpumbavu wewe," akasema. "Shusha hayo. Ya upande huu. Chukua mpaka kanga ijae. Mbegu hainyimwi."

Wakati wa kupanda kilima na baiskeli mkononi na mzigo wa mahindi mgongoni nilikuwa na muda wa kutosha wa kumtukana yule bwana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Chimakonde, nilipoishiwa nikamtukania kompyuta yake.

Mvua ilikuja ikiwa imechelewa, mvua kweli, ya kuzibua masikio. Sikusogelea kopo. Dada wa rula alisoma, mwalimu akatuma, na huko angani wakaandika walichoandika. Asubuhi yake udongo ulikuwa umelowa kina cha kiganja na sisi tuko shambani kabla ya jua, mama mbele na mbegu kwenye kipande cha kanga, mimi nyuma nafukia. Hakuwa amesema neno lolote kuhusu jambo lile tangu siku ya mkutano. Anadondosha mbegu, nafukia kwa kisigino. Anadondosha, nafukia. Kila shimo nililiona lina shati lililonyooka ndani yake, nikalikanyaga. Nikakanyaga lingine. Vyoo vya shule viko pale vinaniangalia. Nikakanyaga mpaka kisigino kikaniuma.

Mama akasimama. Akaangalia nyuma safu nzima niliyoifukia, udongo umeshindiliwa kama sakafu. Akasema:

"Fukia taratibu. Hiyo ni mbegu ya mjomba wako, si kaburi la yule bwana. Na ukishikwa na mkojo, mpapai ule pale."